Priamplifaya ya Kumwonyesha Mkwe

Biashara ya minofu ya sangara ilimtoa Masalu kwenye ndala ikamvika viatu vya ngozi, na tangu hapo haambiliki. Nyumba Igoma alishajenga. Kilichobaki ni Evelina. Evelina mwenyewe alishakubali. Kazi ilikuwa kwa baba yake, Mzee Pius, mwalimu wa kwaya mstaafu wa Misungwi, ambaye angekuja Jumapili kuona binti yake anakwenda kuishi na mtu gani.

Mzee alipenda santuri kuliko chakula. Masalu akaona hapohapo ndipo pa kumkamatia. Gramafoni alikuwa nayo, na spika kubwa kama makabati. Alikosa priamplifaya, kile chombo cha kuikuza sauti ya santuri kabla haijafika kwenye amplifaya. Na aliitaka ya zamani, ya valvu, vile vitaa vya kioo, kwa sababu aliwasikia matajiri wa viwanda vya samaki wakizisifu. Basi, sababu nyingine hakuwa nayo!

Okech, aliyeuza vyombo vya wazungu waliomaliza mikataba, aliwatolea yeye na Evelina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, imekwaruzika, valvu zake zimefichwa ndani ya bati. Alipoiwasha, kwaya iliimba safi hata Evelina akafumba macho.

"Tuchukue hii," akasema.

"Hii? Si kama betri ya trekta hii! Mgeni atajuaje kuwa ni mali?"

Ya pili ilikuwa na ubao uliong'arishwa, na valvu sita zimesimama juu, nje kabisa. Ilivuma kama mzinga wa nyuki.

"Bwana Okech, hebu zima muziki kwanza," alisema Masalu, "niione vizuri."

Muziki ukazimwa. Valvu ziling'aa rangi ya chungwa, na Masalu akawa hoi kwa mapenzi.

"Inavuma," alisema Evelina.

"Utaizoea."

"Ila usiifunike," Okech akaonya. "Zinachemka hizo."

Asifunike! Sebule gani ya mtu mwenye heshima ina chombo kisicho na kitambaa? Shangazi Kija alifuma kipya cha nailoni, chenye maua, na Masalu akapanga kukifunua mbele ya mkwe kama mgeni rasmi anayezindua zahanati.

Jumapili aliiwasha mapema, chini ya kitambaa, ipate moto. Shikamoo zikapita, soda zikafunguliwa, sala ya shangazi ikawa ndefu. Kisha zikaja habari za ukoo. Sebule ikaanza kunuka. Masalu aliruka akavuta kitambaa, kumbe kimeshayeyuka kikagandana na valvu. Mbili zikang'oka nacho, zikapasuka sakafuni. Spika zikabweka mara moja, zikanyamaza.

Mzee Pius alikuwa anajizuia kucheka. "Mwanangu," akauliza kwa upole, "chombo hiki alikichagua nani?"

Ee bwana, hapo mwanaume anasema "mimi", watu wanacheka, pilau inaliwa. Lakini aibu ilikuwa imemkaba Masalu.

"Evelina, mzee. Mimi nilitaka ile nyingine. Wanawake unawajua, wanapenda vinavyong'aa."

Mzee hakuwa na hamu ya kucheka tena. Evelina alimtazama Masalu kwa muda mrefu, na Masalu akatamani azomewe, atukanwe, chochote.

"Baba, malizia soda yako twende," Evelina akasema.

Mzee aliiacha nusu.