Mikono Mitatu ya Theonest

Theonest aliuringia mkono wake, na hakuna aliyemlaumu. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, huo ndio uliokuwa futi ya kitongoji chake pale Mugoma. Vitanda, milango, mabanda ya mbuzi, vyote aliitwa yeye kuvipima.

Basi kuhara damu kulipomuua binti yake Anneth, mwaka ule wa pili tangu wakimbizi wavuke mpaka na kujaa pale, alimpima kwa mkono huohuo. Siku tisa tumbo lilikuwa limemkunja mtoto wa watu, analia, "Baba, nataka kunyooka tu." Alipokata roho, Theonest alimnyoosha miguu, akamwahidi hatakunjwa tena.

Mikono mitatu kamili. Bwana afya alikataza mtu wa nje kuingia ndani, hata fundi, akaagiza maziko yawe siku hiyohiyo. Mbao nazo hazikuwepo. Miti yote ya kilimani ilikuwa imeishia mafigani mwa wakimbizi. Theonest aling'oa mlango wa nyumba yake, akaubeba hadi kwa Alfonce, kijana aliyerudi juzi na cheti cha useremala.

"Shikamoo, mzee. Pole sana. Urefu wake?"

"Marahaba. Mikono mitatu."

Alfonce akachomoa penseli sikioni. "Mkono ni sentimita arobaini na sita, ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Mara tatu, mia moja thelathini na nane. Naongeza kumi za nafasi."

Theonest akamkabidhi mlango. Nani abishane na cheti siku ya msiba? Alfonce akakata. Vipande vilivyobaki akaviunganisha vikawa msalaba, kisipotee hata kimoja.

Saa tisa alasiri jeneza likawekwa uani, Anneth akatolewa amefungwa shuka. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Miguu ikagoma.

Alfonce aliushika mkono wa mzee, akaunyoosha, akauwekea futi yake ya chuma. Hamsini na mbili. Akapima tena.

"Nisamehe, mzee. Ningeupima huu kwanza."

"Si ungechukua kamba tu, Baba Anneth!" Rozalia, mkewe, alipiga yowe. "Hata kamba ya mbuzi!"

Kamba ilikuwa inaning'inia palepale ukutani, na siku nzima Theonest alikuwa akipita mbele yake. Aliuchukia mkono wake, akatamani aukate.

Mlango mwingine wa kung'oa haukuwepo. Bwana afya, aliyesimama mbali kando ya migomba, aliangalia saa yake. Watu wakainamisha vichwa, kila mmoja akingoja mwenzake aseme lile ambalo wote walikuwa wanaliona.

Theonest akapiga magoti. Akapitisha mkono uleule chini ya magoti ya binti yake, akaanza kumkunja. Mtoto alikuwa ameshakakamaa, ikabidi atumie nguvu.