Alhamdu Tatu za Asubuhi ya Theluji

Mara ya nne Bassou alipopiga stata, gari lilikohoa, likatetemeka, likanyamaza. Kando yake alikaa mkewe, Tuda, amejifunika blanketi la milia hadi kidevuni, mkoba wa nguo za siku tatu mapajani. Saa tatu daktari wa macho angemsubiri Meknes kwa upasuaji. Siku hiyo waliingoja miezi minane, na jicho moja alilobaki nalo Tuda lilizidi kufifia kila wiki. Akiikosa zamu, angerudishwa mwisho wa foleni. Basi la alfajiri lilikuwa limeshaondoka kijijini kwao Timahdite bila wao, maana Bassou aliapa kwamba mke wake hapelekwi hospitali na gari la mtu mwingine. Ujeuri wa madereva wa teksi wastaafu hauna dawa.

Akashuka, akafungua boneti. Akamimina birika la maji ya moto juu ya vichwa vya betri, akavikaza. Akapiga pampu ya mkono kutoa hewa kwenye njia ya mafuta mpaka vidole vikafa ganzi.

Jirani yao Aqqa akapita na kondoo wake. "Ami Bassou, liuze hilo kwa kilo! Nitakupa punda, huyo anawaka kwa teke moja."

"Mpeleke wewe huyo punda Meknes, mkapimwe akili wote wawili," Bassou akamjibu, lakini utani wenyewe haukuwa na chumvi.

Akarudi kwenye usukani.

"Betri imebaki na pumzi ngapi?" Tuda akauliza.

"Moja. Labda mbili."

"Na moshi wa nyuma una rangi gani?"

"Mweupe. Mambo ya gari niachie mimi, mama."

"Pua yangu haijapofuka. Dizeli mbichi inanuka mpaka humu ndani. Basi mafuta yanafika, ila hayawaki. Injini ina baridi, mzee."

"Nimeipasha!"

"Kwa Alhamdu ngapi?"

Taa ndogo ya kuonyesha kwamba injini imepata joto la kutosha ilikufa zamani, na tangu hapo alipima kwa kusoma, kama walivyofanya madereva wengi wa milima ile. Unageuza ufunguo nusu ili injini ianze kupata joto, unasoma Alhamdu moja wakati wa kiangazi, tatu wakati wa theluji, ndipo unapiga stata. Miaka yote hiyo Tuda alimsikia kutoka jikoni, na kwa kisomo hicho alijua mumewe anaondoka.

"Tatu," Bassou akasema.

"Tatu za mtu anayefukuzwa na mbwa. Sikusikia hata aya moja ikifika mwisho. Unaogopa nini, Bassou?"

Bassou akaitazama mikono yake iliyojaa grisi.

"Kisu," akasema. "Wakikosea, hata huo mwanga kidogo ulio nao utazimika, na ni mimi niliyekushawishi. Na wasipokosea..."

"Wasipokosea?"

"Utaniona. Mara ya mwisho uliponiona vizuri nilikuwa na meno."

Tuda akacheka mpaka blanketi likaanguka. Kisha akaupapasa mkono wa mumewe, akaushika na grisi yake yote.

"Geuza ufunguo nusu. Nitasoma mimi."

Akasoma taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. Ya kwanza ikaisha, na Bassou akahisi kifua kinafunguka. Ya pili ikaisha. Ya tatu ilipofika mwisho wakasema amina pamoja, naye Bassou akapiga stata. Injini ikajikokota, ikashika silinda moja, kisha zote, ikanguruma mpaka milango ikatikisika.

Bassou alifuta macho kwa mkono wa kanzu, bila kuona haya.

"Kwamba huna meno najua," Tuda akasema. "Nakusikia ukila mkate. Mimi nataka kuiona barabara. Miaka thelathini unanihadithia barabara ya Meknes ilivyo nzuri. Ulisema utanipeleka siku siti moja ikibaki tupu."

"Haikubaki," Bassou akasema kwa sauti ndogo.

"Haikubaki."

Akatia gia, gari likashika njia. Bassou akaona afadhali aanze kulipa deni lile palepale.

"Kulia kwako sasa," akasema, "kuna mierezi imejaa theluji, na chini yake..."

"Nyamaza, mzee," Tuda akasema, akijifunika blanketi tena. "Tukirudi nitajionea mwenyewe."