Ngoja Nimuulize Baba

Simu yangu ilikuwa imezima, na kosa halikuwa langu. Transfoma ya kijiji iliungua kabla ya mvua. Viongozi wakaja na gari zuri, wakaitazama, wakapiga nayo picha, wakaondoka. Tangu hapo simu zetu huku Kibakwe zinachajiwa dukani kwa Shaibu, mtu wa Kolo mwenye paneli ya sola na mdomo usiochoka.

Ijumaa hiyo nilikuwa nang'oa vitunguu nilipomwona anakuja mbio juu ya matuta, pindo la kanzu kalishika kwa mkono mmoja, simu yangu kainyanyua kwa mwingine.

"Baba Anitha! Mwanao anapiga tangu asubuhi. Nimeichomoa hata haijashiba!"

"Kuna msiba?"

"Msiba gani, mzee? Kazi! Mtoto kapata kazi halafu anaikataa!"

Anitha ndiye mwanangu pekee. Mama yake, Raheli, alitufia nyumbani tukisubiri gari la wagonjwa. Gari lilikuwepo, mafuta ndiyo hayakuwepo. Ya kampeni yalikuwepo. Viongozi hao siwasamehe. Mtoto akapata ufadhili, akaenda Ujerumani kusomea upimaji wa maji, akamaliza, akaanza kutafuta kazi huko huko. Sasa kibali chake cha kukaa kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi. Asipopata kazi, arudi. Arudi kufanya nini? Meshack, waliyesoma naye sekondari, ana shahada ya chuo kikuu na anaendesha bodaboda mjini, Nkuhungu.

Kule chuoni kwao yupo mama mmoja, kazi yake ni kuwashauri wanafunzi wageni namna ya kutafuta kazi. Analipwa kwa hilo! Alimfundisha Anitha kufupisha barua, kumtazama usoni anayemuuliza maswali, kusema "nilifanya" badala ya "tulifanya". Hapa kwetu mshauri wa kazi ni mjomba mwenye cheo, na huyo sisi hatuna.

Simu ikaita tena. Nikampokonya Shaibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unakataa kazi?"

"Sijakataa! Jana wamenipigia, wakasema nafasi ni yako, unaichukua? Nikasema asante sana, ngoja nimuulize baba."

"Enhe?"

"Wakashangaa. Halafu bosi akasema watanisubiri mpaka leo saa sita mchana ya huku, ikipita wanampa mwingine. Mama mshauri karibu alie. Anasema huku mtu mzima akijibu hivyo, wanajua hataki, anawazungusha tu."

Nilikaa chini kwenye tuta. Kwetu neno kubwa likiingia nyumbani, mtoto halijibu. Hata wakija kumposa, anasema muulizeni baba, na wageni wanatazamana kwa furaha, wanajua hapa pana malezi. Raheli naye alijibu hivyo hivyo siku nilipopeleka watu. Kumbe kuna nchi ambako jibu hilo hilo linakunyima mkate.

"Ungewaambia ndiyo, mwanangu."

"Bila wewe? Baba, mkataba ni miaka mitatu. Mama hayupo. Utakuwa peke yako. Ukisema nirudi, narudi, na sitakulaumu."

Neno "rudi" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nani hataki mwanawe amkorogee uji?

"Mzee, chaji!" Shaibu akapenyeza kichwa. "Umebaki mstari mmoja, na huo wenyewe unapepesa!"

"Nyamaza wewe!"

"Mimi nitanyamaza. Na simu itanyamaza pia."

Kule Anitha akacheka. Kicheko cha mama yake kabisa. Nikamwona Raheli kwenye kitanda cha kamba, akisubiri gari la wagonjwa lisilokuja. Huku ndiko nilikotaka kumrudisha?

"Anitha, wapigie sasa hivi. Waambie ndiyo."

"Niseme baba amekubali?"

"Usinitaje! Mimi wananijua? Sema wewe umekubali. Na neno lingine likija, jibu kwanza, mimi utanieleza baadaye."

"Baba, una uha..."

Ikazima.

Shaibu akaichukua, akakimbia nayo dukani, mimi nyuma yake na matope miguuni. Nilipofika alikuwa ameshaichomeka, kafunga mlango kwa kufuli, kaenda msikitini. Nikakaa kwenye benchi la nje. Punde simu ikawaka humo ndani na kulia mlio wa ujumbe. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Nikaona mwanga wake tu. Niliwatukana viongozi wote ninaowajua majina, kuanzia kitongoji kwenda juu, na walipoisha nikaanza upya.

Shaibu aliporudi hakunisalimia. Alifungua, akanipa simu. Mimi husoma polepole, kwa midomo.

"Soma kwa sauti basi, mzee, unaniua!"

"Nimewajibu mwenyewe," nikasoma. "Wamefurahi. Kibali watanisaidia wao. Naanza tarehe moja. Baba, kula."

Nikarudi benchini. Shaibu alinipa soda ya moto na andazi, akakataa hela yangu, akaanza kumsimulia kila aliyepita kwamba yeye ndiye aliyempatia Anitha kazi. Nikamwacha. Nilikula andazi lile lote, nikaomba la pili.

Jumatatu umeme ulirudi. Jumanne ukakatika. Nilitukana kidogo tu, kwa mazoea.