Mashine Iko Wapi?

Swali lenyewe lilikuwa fupi, limeandikwa kwa wino mwekundu pembeni mwa kazi yake, na lilimkera Gracieuse kuliko hata alama ndogo aliyopewa. "Mashine iko wapi?" Basi, hakuna neno lingine. Lau angelijibu kama lilivyoulizwa, siku ile ya mvua ingebaki siku ya mvua tu.

Lakini Gracieuse alikuwa na kiburi kidogo, tuseme ukweli. Alikuwa wa kwanza kwao kufika chuo kikuu, na somo la uandishi wa kiufundi ndilo lililokuwa limebaki kati yake na mwaka wa mwisho. Prof Donatien aliwaagiza waandike maelezo ya kutumia kifaa chochote cha nyumbani kwao, kwa Kiswahili, kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kukigusa. Gracieuse alichagua jenereta ya baba yake, ile ambayo yeye na Bunia nzima huiita groupe. Ndiyo iliyowalisha. Baba yake, mzee Grégoire, alikuwa na kibanda cha kuchaji simu mbele ya nyumba yao kule Mudzipela, na mlio wa mashine hiyo Gracieuse aliujua kuliko kengele ya kanisa.

"Mashine iko wapi!" alimlalamikia mwenzake Serge walipotoka darasani. "Iko pale iko! Iko nyuma ya kibanda. Prof anatafuta tu kujaza karatasi."

"Weye bado una bahati," Serge alisema. Yeye alikuwa ameandika namna ya kubadilisha mnyororo wa pikipiki, ambayo Bunia huiita moto. "Miye aliniuliza: 'Moto inazimwa saa ngapi?' Nilisahau kuandika bazime moto mbele ya kutia vidole."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Ndivyo alivyokuwa Prof Donatien, mtu mwembamba wa sauti ya chini, asiyepokea kazi mpaka irudiwe. Na hata ikirudiwa, haikutosha. Alitaka mtu asiyejua kabisa kazi hiyo apewe karatasi, aifanye kwa kusoma tu, mwandishi akiwa pembeni na mdomo umefungwa. Wanafunzi walisema profesa huyo alipaswa kuwa hakimu.

Gracieuse akairudia kazi yake. Alinyoosha sentensi, akachora kamba ya kuwashia, akatenganisha hatua zilizokuwa zimebanana. Alipofika kwenye wino mwekundu alitafuna kalamu. Mashine iko wapi? Haya, kama anataka mahali, apewe mahali. Akakumbuka jinsi baba yake alivyogombana na mvua mwaka uliopita, maji yalipoingia kwenye mashine na kibanda kikafungwa. Akaandika, juu kabisa: "Namba moja. Weka mashine mahali pakavu, mvua isiifikie." Akaisoma, ikampendeza sana. Ilikuwa na sauti ya kitabu.

Wa kujaribu alikuwepo nyumbani. Shangazi yake Adeline, dada ya baba, alikimbia vita Djugu na sasa alikuwa akiishi nao. Hakuwa amewahi kuwasha mashine maishani mwake. Kusoma alijifunzia katika mafundisho ya ubatizo, na kila kitu kilichochapishwa alikisoma vilevile, kidole kikitembea chini ya mstari, midomo ikifuata, bila kuruka neno. Jumapili baada ya misa, jua likiwaka, alisimama uani mbele ya groupe na karatasi mkononi. Gracieuse alijiuma midomo asiseme kitu. Shangazi akapapasa udongo kwa kiganja kuhakikisha ni mkavu. Akatia esansi, ndiyo petroli, akafungua kifuniko kilichochorwa, akavuta kamba. Mashine ikanguruma.

"Eeeh! Miye Adeline!" alipiga kelele, akicheza na karatasi juu. "Grégoire, njoo uone! Mutoto wako ananifundisha groupe!"

Mzee Grégoire alifurahi mpaka akaamua mambo. Alikuwa na safari ya kushuka Kasenyi kuona samaki na jamaa zake wa ziwani, na sasa alikuwa na mtu wa kumwachia kibanda. Akaondoka keshoye alfajiri na gari la samaki. Hakuagiza lolote kuhusu mashine. Ya nini, na karatasi ya chuo ipo?

Asubuhi hiyo Gracieuse naye alikuwa anaharakisha kupeleka kazi yake. Alimkuta shangazi amekwisha kuibandika nakala yake ukutani ndani ya kibanda, imenyooka kama picha ya harusi.

"Enda ku masomo, mama," shangazi alimwambia. Alipenda kumwita hivyo, maana Gracieuse alichukua jina la bibi yake, mama wa shangazi. "Niko na karatasi yako. Sitaaribisha kitu."

"Ukifuata hiyo tu, tantine, iko bien, hakuna shida."

Hayo aliyasema yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Baadaye ndiyo yaliyomchoma kuliko yote.

Mvua ilimkuta mlangoni mwa chuo. Ilikuwa ile mvua ya Bunia isiyobisha hodi, inayogeuza barabara kuwa tope jekundu kabla hujafungua mwavuli. Darasani Prof Donatien alikuwa ameanza kupokea kazi, na kupokea kwake kulikuwa mchezo wa kuigiza. Alichukua karatasi, akajifanya mtu asiyejua kitu, akafanya kila kilichoandikwa na hakufanya kisichoandikwa. Serge alipita kwa shida. Ikafika zamu ya Gracieuse, naye akakaa wima, maana alijua kwamba yake ni safi.

Prof alisogeza kiti mpaka kwenye baraza, nje ya mlango. "Hii njo groupe," alisema. Akasoma. "Namba moja. Weka mashine mahali pakavu, mvua isiifikie."

Akatazama mvua iliyokuwa inarusha matone mpaka barazani. Akakiburuta kile kiti ndani ya darasa. Matone yakamfuata, akafunga mlango. Upepo ukaleta mengine dirishani, akafunga dirisha. Wanafunzi walianza kucheka. Akaendelea na hatua moja baada ya nyingine, akatia esansi ya uongo, akavuta kamba ya uongo.

"Imewaka," alisema. Kisha akaketi sakafuni karibu na kiti, akafumba macho.

Kicheko kiliisha chenyewe.

"Gracieuse," Prof alisema kwa sauti yake ya chini, "niko mu nyumba na groupe. Inawaka. Milango na madirisha yote nilifunga, juu ya mvua yako. Ule moshi unaenda wapi? Nitafika mangaribi?"

 Gracieuse hakuwa anamwona Prof tena. Alikuwa anaona kibanda cha Mudzipela na karatasi ukutani. Aliona kidole cha shangazi kikitembea chini ya mstari wa kwanza. Mungu wangu. Groupe hulala ndani ya kibanda kwa sababu ya wezi. Yeye akiamka huikuta uani. Nani huitoa? Hakuwahi kujiuliza. Baba huitoa, alfajiri, wengine wakiwa bado wamelala. Na leo baba yuko Kasenyi.

Aliishika simu, vidole vikakosa namba mara kadhaa. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Ikaita mpaka mwisho.

"Nani alibaki na hii karatasi ku nyumba?" Prof aliuliza. Alikuwa ameshasimama.

"Tantine yangu," alisema, na sauti iliyotoka hakuitambua. "Iko naye sasa. Iko naye mu kibanda."

Prof alimsukumia kazi yake mkobani. Alimvuta mkono, wakatoka mbio mpaka kwenye pikipiki yake, bila makoti, bila mwavuli. Njia nzima Gracieuse alikuwa akisema "hapana, hapana" mgongoni mwa profesa, na mvua ikimjaa mdomoni. Pikipiki iliteleza kwenye tope, wakakaribia kuanguka, hawakusimama. Alijiambia labda shangazi ameshindwa kuwasha. Labda kamba imemkatalia. Hakuwahi kuomba mtu ashindwe kama alivyoomba siku ile.

Mlio waliusikia kabla hawajashuka. Groupe ilikuwa inanguruma, na ilikuwa inanguruma ndani.

Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha la wateja limefungwa, na chini ya mlango shangazi alikuwa amesukuma gunia, vizuri kabisa, ili maji yasipite. Wakausukuma pamoja mpaka gunia likalegea. Joto na harufu ya moshi viliwapiga usoni. Prof alijifunika mdomo na kola ya shati, akaingia, akaizima mashine. Shangazi Adeline alikuwa sakafuni kando ya kiti chake, amelala ubavu, kitambaa cha kichwa kimemtoka. Juu ya meza simu za watu zilikuwa zimepangwa kwenye nyaya zao, taa ndogo zikiwaka, na yake mwenyewe katikati yao ikionyesha jina la Gracieuse.

Walimkokota mpaka nje, kwenye tope, chini ya mvua ileile aliyokuwa anaikimbia. Alikuwa mzito na mlegevu. Gracieuse alimpiga mashavu, akamwita, akamtikisa mabega.

"Tantine! Tantine, amuka! Tantine weye!"

Hakuamka. Wanawake wa jirani walitoka na makanga vichwani, mmoja akaanza kulia kilio cha msiba, na Gracieuse akamgeukia kwa ukali ambao hakujua kuwa anao. "Nyamaza! Hajakufa!" Hakuwa na hakika. Hakuwa na hakika hata kidogo. Aliwaza tu kwamba huyu mwanamke alikimbia risasi Djugu akafika salama, na sasa anauawa na kazi ya darasani, iliyosahihishwa, yenye mchoro.

Ndipo shangazi akakohoa. Akakohoa tena, akatapika juu ya mkono wa Gracieuse. Hakuwahi kuona kitu kizuri kuliko hicho duniani.

Hospitalini walimwekea mpira wa hewa puani, na daktari akasema kuwa wangechelewa kidogo tu, angekuwa anazungumza nao habari nyingine. Gracieuse aliketi kando ya kitanda, nguo zikimkaukia mwilini. Hakulia. Alikuwa ameduwaa. Baba yake alipiga simu kutoka Kasenyi, na swali lake la kwanza lilikuwa lilelile ambalo lilimkera, ila kwa maneno mengine.

"Kwani hamukuitosha inje? Miye naitoshaka inje kila asubui!"

"Sikujua, papa," alisema. "Sijawahi kukuona ukiitoa nje."

Prof Donatien alibaki hapo, amesimama ukutani, shati limemganda. Gracieuse alingoja agombezwe. Alitaka kugombezwa.

"Miye pia," Prof alisema hatimaye, bila kumtazama. "Niliandika maneno tatu tu, nikasema ataelewa. Ningeandika: hii kitu inaua."

Jioni ilipokaribia shangazi alifungua macho. Alitazama dari, akatazama mpira wa puani, kisha akamtafuta Gracieuse. Uso wake ulikuwa na aibu, aibu ya mtu aliyevunja chungu cha wenyewe.

"Mama," alisema kwa shida. "Unisamehe. Groupe imearibika?"

"Groupe iko bien, tantine. Usiongee."

"Nilifuata yote. Nilisoma kila mustari. Ile ya kwanza nilisoma mara mbili, juu mvua ilianza." Akapumzika kidogo. "Nikaangalia chini, nikaona pakavu. Nikaacha ivyo. Nilikosa namba gani?"

 Sasa ndipo machozi yalipomjia Gracieuse, yote kwa pamoja, na shangazi akanyoosha mkono kumpangusa, akidhani kwamba analilia mashine.

"Haukukosa," Gracieuse alisema. "Miye njo nilikosa. Karatasi njo ilikosa."

"Aah, hapana. Karatasi iko ya masomo."

Kazi ilikuwa bado mkobani, imelowa, haijapokelewa. Gracieuse aliitoa, akaigeuza upande mweupe. Prof akampa kalamu bila kuulizwa. Aliandika polepole kwa herufi kubwa, huku akipangusa pua kwa mkono wa nguo: "Namba moja. Toa mashine nje kabisa, mbali na mlango na dirisha. Usiiwashe kamwe ndani ya nyumba, moshi wake unaua. Mvua ikinyesha, usiwashe, ngoja."

Akamshikia shangazi mbele ya macho. Kidole cha Adeline kikatoka chini ya shuka, kikaanza kutembea, midomo ikifuata. Alifika mwisho. Akarudi mwanzo, akasoma tena, kama kawaida yake.

"Hii iko wazi," alisema. Akamtazama mpwa wake bila kinyongo chochote, akimweleza tu jambo lilivyo. "Kama ungeliandika hii, mama, ningeitosha. Ningeitosha inje, nikaingoja mvua."