Jumapili Sauti Iliponikauka

Baba mkwe aliingia kwenye chumba cha maombi mikono yote miwili ikiwa ndani ya mifuko ya koti. Akavitazama viti, akamtazama Sista Zamu, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimejizungushia kitambaa shingoni kama mtu aliyenusurika kunyongwa. Akavuta kiti kwa mguu, akaketi mbele yangu, magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Nimesikia sauti imekukauka," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haitoki kabisa?"

Nikajaribu. Ikatoka hewa tupu, na mkwaruzo kama wa karatasi inayosuguliwa ukutani.

"Vizuri," akasema mzee, akajiweka sawa kitini. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Sista Zamu alikohoa kuficha kicheko. Kukielewa kicheko hicho, lazima kwanza mtu ajue mimi nilikuwa nani miaka hiyo.

Nilikuwa mnadi. Niliuza samani zilizokwishatumika, kabati, vitanda, meza za ofisi zilizofungwa, na watu wa mtaa mzima walinijua kwa jina la Spika. Nikisema "mara ya kwanza!" uani kwetu, mtu aliyekuwa akinyoa ndevu ng'ambo ya barabara anajikata. Nilipojiunga na kundi la kuwaombea wagonjwa kanisani, niliamini kwa moyo wote kwamba Mungu alinipa koo lile kwa kazi ile. Niliomba kwa nguvu hadi madirisha yakaitikia. Siku moja, nikiwa nimepamba moto juu ya kijana mwenye jino bovu, ulimi ukaniteleza nikapiga kelele, "Toka! Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Na benchi zima likajibu, "Mara ya tatu!" Mgonjwa mwenyewe alicheka hadi shavu likamuuma zaidi.

Aliyetuongoza alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mwendo wa haraka. Tulimwita Sista Zamu kwa sababu alipostaafu hospitali alihamia kanisani pamoja na daftari lake la zamu. Kila Jumamosi alasiri alitukusanya kwenye chumba kilichokuwa stoo ya viti, akatufundisha kuomba kama vile anafundisha kufunga bendeji, na Jumapili baada ya ibada akatupangia zamu ya kupokea wagonjwa humo humo.

"Kabla hujamgusa mtu, mwulize," alikuwa akisema. "Hata homa sikuwahi kumpima mtu bila kumwuliza. Akikataa, usinune. Omba ukiwa umekaa, Mungu atafika tu." Au angesimama ghafla mbele ya mmoja wetu: "Wewe, mbona umefumba macho? Mgonjwa ataanguka huku unasema amina." Kuhusu siri alikuwa mkali kuliko yote. Aliyosikia mtu chumbani yalipaswa kufia chumbani. Kuyapeleka kwa wanakwaya kwa kisingizio cha kuomba pamoja, alisema, ni umbea uliovaa joho. "Na dawa ya mtu msiiguse kwa midomo yenu. Hamkuiandika nyinyi."

Haya yangu nayasimulia kwa sababu mzee mwenyewe aliniruhusu. Tena yeye ndiye aliyeanza kuyasimulia, kila mara akiongeza chumvi.

Mafundisho yale niliyasikia kama mvua inayonyesha mtaa wa pili. Ni kweli, niliwaza, lakini ni ya watu wenye sauti ndogo.

Baba mkwe alikuwa fundi saa. Kwa miaka arobaini aliketi nyuma ya kioo kidogo, lenzi jichoni, akiokota skrubu ndogo kama chembe ya mchanga. Hakupendezwa sana nilipomposa bintiye. "Mtu anayeishi kwa kupiga kelele," alimwambia mkewe, na mkewe, kwa mapenzi yake, akanifikishia. Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Mwanzoni ilikuwa kijiko kugonga sahani, baadaye funguo kukataa kuingia kwenye kufuli. Siku alipoangusha saa ya mteja na kuisikia ikipasuka sakafuni, alifunga duka, akampa jirani zana zake zote.

Nami nikaona hapa ndipo pa kujionyesha. Jumapili moja, katikati ya ibada, nilimwita mbele ya watu wote. Sikumwuliza. Nilimshika mikono, nikaiinua juu kama mtu anayeonyesha jozi ya viti vizuri, nikaanza kuikemea ile hali. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo mikono ilivyozidi kutetemeka. Mwishowe, kwa kuogopa aibu, nikatangaza kwamba mzee amepona, makofi yakapigwa. Alirudi kwenye kiti chake. Katika wimbo uliofuata, mkewe alimwekea kitabu mapajani na kumfungulia kurasa. Kuanzia siku hiyo alikaa benchi la mwisho.

Wiki tano baadaye mke wangu alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye mashavu kama maandazi. Ndugu walijaa nyumbani. Baba mkwe alikuja mara moja, akasimama mlangoni, mikono mifukoni.

"Mtoto mzuri," akasema.

"Mshike basi, baba," mke wangu akamwambia.

"Siku nyingine." Akaondoka hata chai hajanywa.

Siku nyingine haikuja. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Mke wangu, ambaye hakuwa mtu wa kulialia, alikuwa akimkanda mtoto mafuta huku machozi yakimdondoka. "Bado hajanisamehe kwa kuolewa nawe," alisema. "Sasa anamlipizia mtoto." Moyoni nilimkasirikia mzee.

Ndipo ikaja ile wiki ya mnada wa hoteli iliyokuwa ikifungwa: siku tatu mfululizo, magodoro, vioo, mapazia, sufuria, na vumbi la zulia lililonijaa kooni. Jumamosi jioni nilikuwa nikinong'ona. Jumapili asubuhi hata mnong'ono ulikwisha. Nikamwandikia Sista Zamu kwenye karatasi: *Nitoe kwenye zamu. Sina sauti.*

Akasoma, akanirudishia karatasi. "Masikio unayo? Basi kaa."

Basi turudi pale nilipoanzia, magoti kwa magoti na baba mkwe.

Nilikusanya hewa yote niliyokuwa nayo. "Baba, ungependa tukuombee nini?"

Miaka minne ya kuwa mkwe wake, na hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza kwake ambalo sikulijua jibu.

"Si mikono," akasema.

Kisha akanyamaza. Siku nyingine yoyote ningekijaza kimya kile hadi pomoni. Leo sikuwa na cha kukijazia. Nje watoto walikuwa wakikimbizana kwenye kokoto. Sista Zamu alikaa mikono mapajani, macho wazi, kama mtu aliyewahi kungoja mambo makubwa zaidi ya hili.

"Ninamwogopa yule mtoto," mzee akasema hatimaye. "Ninaogopa nitamwangusha. Ile saa niliyoiangusha, nilikuwa nimeishika vizuri. Vizuri kabisa! Naota ninaiangusha tena, na nikiinama kuiokota, ni yeye." Akatoa mikono mifukoni, akaiweka magotini, ikacheza pale kama samaki waliotolewa majini. "Binti yangu anadhani simpendi mwanawe. Nitamwambiaje? Baba mtu mzima, anaogopa kitu cha kilo sita."

Nilihisi uso ukiniwaka. Kumbe miezi yote mitatu mzee alikuwa akimhurumia mtoto wetu.

"Nisamehe, baba," nikanong'ona. "Ile Jumapili nilikunadi."

Pembe moja ya mdomo wa mzee ikaanza kupanda.

"Na hakuna aliyenunua," akasema.

Wa kwanza kucheka alikuwa Sista Zamu, akafuata mzee, nami nikacheka kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Jambo hilo liliwachekesha wao zaidi. Tulipotulia, Sista alifuta macho akauliza, "Niweke mkono begani kwako?"

"Weka."

"Na huyu mkweo?"

Mzee akafikiri. "Naye aweke. Lakini asiinue kitu."

Sista Zamu aliomba kwa maneno yaliyoweza kuenea kwenye kipande cha bahasha. Alimwambia Mungu kwamba huyu ni babu na anaogopa, amwondolee hofu. Mikono nayo tunaiweka mbele yako, uipe uzima kwa namna uijuayo. Amina.

"Umemaliza?" mzee akashangaa.

"Ulitaka marefu?"

"Hapana, hapana. Nimezoea ya huyu."

"Unajisikiaje?"

Akajipima kwa uaminifu wa fundi. "Kama mtu aliyetua mzigo. Lakini bado nauona, upo pale pembeni."

"Ni sawa. Hatutakudanganya kwamba haupo. Daktari ameiona mikono?"

"Aliiona. Alinipa vidonge." Akasita, akanitupia jicho. "Niliviacha. Huyu alishawatangazia watu wote kwamba nimepona. Niliona haya mtu akinikuta navimeza."

Nilikuwa nimewahi kuuza kabati lenye mchwa bila kujua, na mnunuzi akanirudishia mbele ya watu. Aibu ile ilikuwa mchezo wa watoto kando ya hii. Nilitaka kusema kitu, na bahati nzuri sikuweza.

"Kesho asubuhi nitakupitia twende kliniki," Sista Zamu akasema, sauti ileile ya kupanga zamu. "Usivianze tena kwa kukisia. Twende ukamwambie ukweli, akuangalie upya. Sasa simama, nipishe nipange hapa."

Alisukuma kiti chenye mikono hadi kwenye kona, ukuta huku na ukuta huku. Akachukua mito miwili, akaweka mmoja kila upande. "Keti. Viwiko hapa. Mgongo nyuma. Mtoto hashikwi kwa vidole kama skrubu. Anashikwa kwa mapaja, tumbo, kifua na viwiko. Vidole ni pambo tu." Kisha akanigeukia. "Kamlete, kama mzee anakubali."

Mzee akaketi. "Mlete kabla sijaghairi."

Nilitoka mbio. Mke wangu alikuwa kivulini na mama yake, mtoto begani. Nikamvuta mkono.

"Kuna nini? Baba ana nini?"

Nikaonyesha mlango.

"Sema basi!" Midomo yangu ilikwenda, sauti haikutoka, na yeye akaona midomo ya mtu aliyepata msiba. Akaanza kukimbia, mama yake nyuma yake, mkoba ukimpiga kiunoni, na hivyo ndivyo sote wanne tulivyoingia chumbani tukihema kama watu wanaokimbia moto.

Wakamkuta mzee amekaa kwenye kona yake, katikati ya mito, kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Mwanangu," akasema. "Nilikuwa naogopa kumwangusha. Si jambo jingine. Hebu nipe."

Mke wangu alisimama kama aliyegongwa. Kisha akainama, akamlaza mtoto kwenye mikono ya babu yake.

Mikono ilitetemeka. Sitasema uongo, nimeshausema wa kutosha. Ilitetemeka tangu viwiko hadi kucha, na mtoto akatetemeka nayo, kichwa kikitikisika kidogo kidogo. Alifumbua macho akamkunjia babu uso, kama mnunuzi asiyeridhika na bidhaa. Sista Zamu alikuwa amepiga goti karibu, kiganja chake chini ya mto, hakugusa kitu. Tukangoja kilio.

Mtoto akapiga mwayo. Kope zikashuka, zikapanda, zikashuka tena, na zamu hii zikabaki chini. Alidhani anabembelezwa.

"Amelala?" mzee akauliza bila kuthubutu kutazama.

"Baba," mke wangu akasema, akicheka na kulia kwa mpigo, "sisi hutuchukua saa nzima kumlaza!"

"Ninyi hamna kipaji," mzee akajibu.

Alimshika dakika kumi, kisha ishirini. Mama mkwe akasogea kuomba zamu, akaambiwa asubiri. Mchungaji akachungulia, akaambiwa afunge mlango, upepo. Mwishowe mama mkwe akashika kiuno. "Na kunyonyesha, utanyonyesha wewe?"

"Likifika hilo tutalijadili," akasema mzee.

Vidonge vilipunguza mtetemo, havikuumaliza. Sauti yangu ilirudi siku ya Jumatano, pana kama zamani, na Alhamisi nikawa uani nikinadi. Lakini kwenye kile chumba cha maombi, hadi leo, nanong'ona. Wageni hudhani ni unyenyekevu. Nimewaona watu wakipona pale, nimewaona wengine wakirudi nyumbani na maradhi yao, wepesi zaidi kidogo. Siku hizi siwatangazi hawa wala wale. Husema wenyewe wakitaka.

Mzee aliishi miaka mingine saba. Mjukuu wake alipofikisha miaka minne alijitwalia kazi ya kumfunga vifungo vya shati kila Jumapili. Alipanda juu ya stuli, ulimi nje, akianzia chini kwenda juu, na karibu kila mara aliruka tundu moja. Mzee alitoka hivyo hivyo, upande mmoja wa kola juu na mwingine chini, akapita katikati ya kanisa hadi benchi la mbele, na ole wake mtu aliyenyoosha mkono kutaka kumrekebisha.