Mizabibu Iliyoandikwa Imekufa

Mimi Ruthu Ndahani sikukataa nyumba zao. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu wapo walionitangaza kuwa ni mama mkorofi, eti nimetaka kuzuia maendeleo. Binti yangu Miriam anapanga chumba kule Majengo, anauza mchele na karanga sokoni, na mvua ikinyesha analala amekunja miguu kwa sababu godoro limesukumwa kwenye kona isiyovuja. Jiji liliposema limetenga fedha za kuandaa eneo la nyumba za bei nafuu, na kwamba eneo lenyewe ni mashamba yetu, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono mkutanoni. Nikasema chukueni, ila mtulipe tukaanze kwingine.

Kwingine kwangu ni Mlali, kwa kaka yangu, aliyekubali kunipa ekari moja. Mzabibu ukiupanda leo, utakaa kama miaka mitatu kabla haujakupa mavuno ya maana. Miaka mitatu hiyo ningekula nini? Fidia ya shamba langu. Sikuwa na akiba nyingine, wala mume wa kunisaidia; marehemu tulimzika zamani.

Sasa sikieni walichonifanyia.

Wiki ya kwanza ya Mei nilipogoa. Anayelima zabibu Dodoma anajua: mvua zikishaisha unashika mkasi, unakata matawi yote, hubakizi hata jani, ili mti uchipue upya na kubeba mavuno ya Agosti. Shamba lililopogolewa vizuri linamtisha mgeni. Mashina meusi yamejikunja kwenye nyaya, magome yanabanduka, hakuna kijani hata cha kumrushia mbuzi. Kwetu hiyo ni sifa. Nilifanya kazi siku sita, mgongo ukawa kama si wangu, na nilipomaliza nilisimama mwanzo wa mstari wa kwanza nikalitazama shamba langu kwa furaha.

Siku mbili baadaye wakaja wathamini, watu wa kampuni iliyokodiwa kukagua mali zetu. Aliyeongoza ni kijana anaitwa Ambokile, wa Mbeya, mstaarabu, "Shikamoo mama" yake imenyooka. Nikampa maji akanywa. Akapita mistari yangu upesi upesi na kishikwambi chake mkononi, jua linamchoma, anahesabu mashina kwa kidole.

"Mama, hapa umefanya kazi kubwa," akasema.

Nikamwambia asante mwanangu. Nilidhani anausifu mkasi wangu. Kumbe aliona nimeanza kuwasafishia eneo. Akanipa fomu ya ukaguzi nisaini. Miwani yangu ilikuwa nyumbani, nami niliona aibu kumrudisha mtu aliyeshinda juani. Nikasaini. Huo ndio ujinga wangu, nausema mwenyewe kabla hamjanisema.

Mwanzoni mwa Juni majina yakabandikwa ukutani, ofisi ya mtaa. Safari hiyo nilikwenda na miwani. Nikasoma mara moja, nikaivua, nikaifuta na khanga, nikasoma tena. Ruthu Ndahani: kibanda kimoja cha udongo. Miti mikavu, 412. Haina thamani.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, Filipo, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mama Miriam, hapa naona kuna kosa," akasema kwa sauti ya chini.

"Kosa ni kuzidisha chumvi kwenye mboga, Filipo. Hapa nimeuawa. Wewe zabibu zangu umezila tangu hujaoa, mbona siku ya ukaguzi ulikuwa nao na hukufungua mdomo?"

"Nilijua wamesomea."

Wamesomea! Hasira iliyonipanda siku ile sijui niieleze vipi. Watu wanakaa Dodoma, wanakunywa mvinyo wa Dodoma kwenye harusi zao, wanawanunulia wageni zabibu za Dodoma barabarani, halafu hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza zinatoka kwenye mti wa namna gani.

Wakati huo shamba lilikuwa limeshajibu lenyewe. Majani yamejaa nyaya zote, vichala vya maua vinaning'inia, nyuki hawatulii. Nikakata tawi moja nikaenda nalo mjini kwenye ofisi ya hiyo kampuni. Nikakaa kwenye benchi asubuhi mpaka saa nane. Nilipoingia nikaliweka tawi mezani, na mtu wa mle ndani akaniambia niondoe majani, yanachafua karatasi zake. Nikarudi mara ya pili. Nikarudi mara ya tatu. Mara ya tatu mlinzi akaniuliza, "Mama, leo tena umeleta mboga?"

Kilichonisaidia ni kalenda yao. Fedha za kuandaa eneo zilikuwa za mwaka ule wa fedha, na mwaka unaisha tarehe thelathini Juni. Filipo alitueleza mkutanoni: eneo lisipokabidhiwa kwa mkandarasi kabla ya hapo, fedha zinarudi zilikotoka. Na ili likabidhiwe, kila mwenye shamba asaini hati ya kukubali fidia. Wenzangu wote, ambao mashamba yao ni ya mtama na karanga, walikuwa wamesaini. Mimi nilikuwa sijasaini, na nikasema sisaini.

Basi ghafla njia ya kwangu ikajulikana. Tarehe ishirini na sita gari likasimama mwanzo wa mstari wa kwanza, akashuka mthamini mkuu mwenyewe, Bwana Cornel, na Ambokile nyuma yake, na Filipo.

"Mbukwenyi!" akanisalimu kwa Kigogo. Neno hilo moja kila mkubwa akihamishiwa kwetu hujifunza, na hujifunza hilo tu.

Nikamwitikia. Kisha nikamwonyesha shamba kwa mkono. Akatazama. Akatembea mistari mitatu hivi, akagusa majani, akarudi.

"Mama, shamba zuri," akasema. "Lakini sheria unaijua. Baada ya tarehe ya ukaguzi, mtu haruhusiwi kupanda kitu kipya ili adai fidia. Ukaguzi wa Mei ulikuta miti mikavu. Hii umepanda baadaye."

Nilicheka. Niliona wazi kwamba nisipocheka nitamrushia kitu. "Nimepanda lini, baba? Nimepanda mashina mazito hivi kwa wiki saba?"

"Mtu anaweza kuhamisha mti mkubwa kutoka shamba jingine. Tumeshayaona hayo."

"Mia nne kumi na mbili? Usiku, mgongoni?"

Ambokile alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamgeukia. "Mwanangu, wewe ulipita hapa. Sema. Ni mashina hayahaya au si haya?"

"Bosi, mimi nafikiri ni haya," akasema polepole. "Mimi sikujua kama yanakatwa hivyo. Kwetu tunajua ndizi na kahawa."

"Tukifikiri hatupeleki ripoti," Cornel akasema. "Inatakiwa uthibitisho."

"Chimba basi," nikamwambia. "Mti uliohamishwa juzi utauona mizizi yake. Chagua wowote."

Hakwenda mbali. Alinyoosha kalamu akaonyesha ulio karibu na gari, wa kwanza kabisa kwenye mstari wa kwanza. Filipo akasema, "Mzee, si huo, chagua mwingine." Alijua. Ule ndio mzabibu tuliouanza na marehemu, miaka kumi na tisa iliyopita. Kila mti shambani mwangu ni kipande kilichokatwa kwake, kikapandwa, kikashika.

Cornel akamtazama Filipo, kisha mimi. "Kwa nini si huu? Huu una tatizo gani?"

Ningemweleza angesema nimeficha jambo. Nikachukua jembe.

Tulichimba mimi na Filipo kwa kupokezana, karibu saa nzima, kwa sababu udongo wa Juni ni mgumu. Ambokile naye akavua saa akashika jembe. Cornel alikaa garini mlango wazi, anaongea na simu. Mzizi mkubwa ulikuwa mnene kama kifundo cha mguu wangu, unashuka moja kwa moja, na hata tulipofika kiunoni haukuwa na dalili ya kuisha. Mwisho Filipo akaukata kwa shoka. Mti ukalala pembeni na maua yake yote, nyuki wakaufuata huko chini.

Cornel akaja, akachungulia shimo. Akapiga picha. "Haya," akasema, "nimeridhika. Ni ya zamani. Ambokile, hesabu upya, andika mizabibu hai."

Sikusikia furaha. Nikakaa ukingoni mwa shimo. Kijana akahesabu, safari hii taratibu, mstari kwa mstari, akarudi, wakaandika hati mpya juu ya boneti ya gari. Nikavaa miwani. Nikasoma kila neno. Mizabibu hai, inayozaa: 411.

"Imepungua mmoja," nikasema.

Cornel akaonyesha chini kwa kalamu. "Ule haupo tena ardhini, mama. Tunaandika kilichopo."

Nawaambia ukweli, maisha yangu yote sijawahi kumpigia kelele mwanaume mbele ya watu. Siku ile nilipiga. Nilimwambia mti ulikuwa mzima ukauandika umekufa, nimeuua kwa mkono wangu ili nikuonyeshe kwamba ni mzima, sasa unauandika haupo. Nilimwambia wapangaji wa nyumba zako na wawe na raha, binti yangu awe mmoja wao, lakini wasijengewe juu ya uongo ulioandikwa kwa jina langu. Nikaichukua kalamu yake mkononi mwake, nikaifunga, nikaiweka kifuani, ndani ya gauni.

"Leo tarehe ishirini na sita," nikasema. "Mimi sina haraka. Mwenye haraka aandike mia nne kumi na mbili."

Akamtazama Filipo. Filipo, Mungu ambariki kwa mara ya kwanza, akakaa kimya. Cornel akaomba kalamu ya Ambokile, akakata ile namba, akaandika 412, akaweka saini pembeni. Ndipo nikasaini.

Greda liliingia Jumatatu. Lilimaliza kabla ya saa nne asubuhi, na maua yote.

Lakini siku ile ya kusaini, Cornel alipopanda gari, Ambokile alibaki nyuma. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye ule mti uliolala, nakata mikono yake ya zamani, ile ya shina inayolala kwenye nyaya, vipande vya shubiri moja moja, navifunga kwenye gunia lililoloweshwa, kwa ajili ya Mlali.

"Mama, nisamehe," akasema.

Nikamwitikia kwamba nimesikia. Nikamwekea kijiti kimoja mkononi, kimepauka, hakina jani wala chipukizi. Nikamwambia akakipande uani kwake, akimwagilie, na kila asubuhi atakapokiona kikavu asiandike kitu.