Nukta Nundu Chini ya Kioo

Mimi hasira zangu ziko puani, na ninajijua. Kwa hiyo asubuhi ile nilijiapiza: leo sigombani na mtu. Leo anakuja dada.

Kazi yangu ni kutunza matumbawe katika maabara ya utafiti wa bahari. Matangi tisa. Kila asubuhi nashika kadi ya rangi, nailinganisha na kila tumbawe, naandika: hili zima, hili linapauka. Dada yangu mkubwa, aliyenifundisha kuogelea, alipoteza macho miaka miwili iliyopita. Naishi naye, na tangu hapo yeye ni chumbani na jikoni, jikoni na chumbani. Nilimbembeleza wiki tatu aje kwenye siku yetu ya wageni.

"Nikija nikaaibika," akaniambia, "usinitoe tena nje ya mlango huu."

Nikakubali. Mwenzetu anayepokea wageni, tunamwita Tabasamu maana hata habari mbaya anakupa akicheka, alikuwa ameapa kwamba safari hii hakuna atakayeachwa nje. Alikuwa ametengenezesha hata vibao vya nukta nundu kwa wasioona.

Tukafika tangi la kwanza. Dada akanyoosha mkono kwenye kibao, akapapasa. Akapapasa tena.

"Mbona laini?"

Loo! Tabasamu alikuwa amevitia vibao vyote kwenye fremu za kioo.

"Nilitaka visichafuke," akasema, uso umemshuka.

Damu ilinichemka. Nilishafungua mdomo nimpe vidonge vyake, dada akanibana mkono. "Nirudishe nyumbani," akasema taratibu. Niliumia, jamani. Miaka miwili ndani, halafu namtoa aje kupapasa kioo.

Tukageuka. Mbele ya tangi la sita, karibu na mlango, akasimama ghafla.

"Humu kuna kitu kinaoza."

"Ni harufu ya bahari tu, dada. Asubuhi nimeyapima yote, rangi safi."

"Mimi nimesahau lini harufu ya bahari? Usinifanye mtoto."

Nikanusa. Sikusikia kitu. Lakini dada yangu namjua, hapo habanduki. Nikavaa glavu, nikainua tumbawe moja baada ya jingine. La nne, juu lilikuwa zuri kabisa, rangi ya kadi yenyewe. Chini, upande wa ukutani, nyama ilikuwa inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Lingelala humo, lingeambukiza tangi zima. Nikalitoa upesi.

Kumbe Tabasamu alikuwa amekimbilia bisibisi. Alirudi jasho linamtiririka, akang'oa kioo cha kibao cha tangi lile.

"Samahani sana, dada. Soma sasa."

Dada akapitisha vidole polepole. Akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu apoteze macho.

"Kinasemaje?" nikauliza.

"Kinasema: tafadhali usiguse."

Tabasamu akajishika kichwa. Hata mimi nikacheka, hasira zote kwisha.

Nikamshika dada mkono tuondoke. Nilijua akifika nyumbani atajifungia chumbani kwake, na ahadi ni ahadi. Mlangoni akasita.

"Hayo matangi unayakagua saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Leo wageni wenu wamejipulizia manukato mno," akasema. "Kesho niamshe mapema. Bado manane hatujayanusa."